Nani Anaifanya Goma Kuwa Ghali?

Mwaka 2021 kampuni ya Mercer, ambayo hupima gharama za maisha ya wafanyakazi wanaotumwa nchi za nje, iliutaja Ashgabat, mji mkuu wa Turkmenistan, kuwa mji ulio ghali kuliko yote duniani kwa mgeni. Mwaka 2017 nafasi hiyo ilikuwa ya Luanda. Hakuna aliyedhani kwamba watu wa Ashgabat au wa Luanda wamekuwa matajiri wa dunia. Serikali ya Turkmenistan ilikuwa imeshikilia bei rasmi ya manat 3.5 kwa dola moja, huku mitaani dola ikiuzwa kwa bei ya juu mara kadhaa. Mgeni aliyebadilisha fedha benki aliumia, na mwenyeji naye alikuwa kwenye foleni ya mkate. Luanda ilikuwa na mafuta ya petroli tele na nyumba chache zenye maji na umeme wa kutegemewa. Vipimo vya namna hii huanzia New York: huchukua kodi ya nyumba, kahawa, petroli, nguo, kisha huuliza vitu hivyo vinapatikana kwa bei gani mahali pengine. Nani kavilima, nani kavibeba, hilo halimo.

Kwetu Kivu, mashariki ya Kongo, mji wa kuuliza swali hilo ni Goma. Nimepanga mjadala huu kwa sauti nne. Wasemaji nimewabuni mimi, lakini hoja zao ni zile zinazosikika kila siku katika mitaa ya Goma kama Himbi na Ndosho, na huko Sake na Shasha. Yumo Mgeni, Mkenya anayefanya kazi ya ugavi katika shirika la misaada. Maana siku hizi mgeni mwenye mkataba wa kimataifa anatoka Nairobi, Dakar au Ouagadougou sawa na anavyotoka Brussels. Yumo Mwenye Nyumba, mzee wa Himbi mwenye kiwanja kinachotazama ziwa. Yumo Mwalimu wa shule ya msingi anayepanga Ndosho. Na yumo Mama wa Shasha, mkulima na mchuuzi kutoka kijiji hicho cha Masisi kilicho kando ya ziwa, kwenye barabara ya Sake kwenda Minova na Bukavu. Nami nitaingilia nikiona pana haja.

MGENI: Wacha nianze mimi, kwa kuwa mimi ndiye mshtakiwa. Nikitaja mshahara wangu kwetu Nakuru, watu wanaona nimeangukia hazina. Hawaoni mambo mawili. Kwanza, mke na watoto hawaruhusiwi kuja. Goma inahesabiwa kituo kisicho cha familia, kwa hiyo mimi ninaendesha nyumba mbili. Pili, karibu kila ninachotumia hapa sikukichagua. Ofisi inasema nikae kwenye nyumba yenye ukuta wa mawe na seng'enge juu, zamu wa mchana na wa usiku, jenereta, tangi la maji, na redio kando ya kitanda. Pikipiki nimekatazwa. Kwenda kununua mkate nusu kilomita, natakiwa nipande gari la ofisi lenye dereva. Jua likizama niwe ndani. Jumlisha hayo yote uniambie kama maisha yangu si ghali.

MWENYE NYUMBA: Ni ghali, kijana, wala sikatai. Lakini usije ukasema ni mimi niliyekupandishia. Mimi niliona mji huu Julai 1994, wakimbizi karibu milioni moja walipoingia kwa siku chache, kipindupindu kikaua watu barabarani, na mashirika yakashuka uwanja wa ndege moja baada ya jingine. Kila mmoja alitaka nyumba, na alitaka leo. Halafu Januari 2002 Nyiragongo ikamwaga lava katikati ya mji, maduka na nyumba zikazikwa. Zilizobaki upande wa ziwa zikawa lulu. Mwenye mali angefanya nini? Nyumba yangu niliijenga kwa mawe ya volkano, yamevunjwa kwa nyundo, moja moja. Nilitaka vyumba vinne na choo kimoja, kama familia zetu. Shirika likaniambia tunalipa vizuri, lakini kila chumba kiwe na bafu lake. Nikavunja, nikajenga upya. Leo nina nyumba ya mabafu saba. Familia gani ya Goma itaipanga?

MWALIMU: Hapo ndipo kesi ilipo, Mzee. Mji umejengwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Nyumba kama yako ikilipiwa dola elfu mbili au tatu kwa mwezi, jirani yako naye anataka mia tano kwa kibanda, na mwenye vyumba viwili vya mbao Ndosho anataka alipwe kwa dola, pamoja na garanti ya miezi kadhaa mkononi. Serikali hunilipa kwa faranga, na ukizibadilisha hazifiki dola mia mbili. Nilianza kupanga Katindo, nikasukumwa Ndosho, na wenzangu wamesukumwa hadi Mugunga. Watafiti wa Ubelgiji, Karen Büscher na Koen Vlassenroot, waliliandika jambo hili mwaka 2010: jinsi uwepo wa mashirika ulivyoubadilisha mji wa Goma, ukawafungulia wengine mlango na kuwaacha wengine nje.

MGENI: Lakini Mwalimu, tulileta pia ajira. Zamu, wapishi, madereva, watakwimu, wahasibu. Kila mshahara mmoja unalisha watu wangapi?

MWALIMU: Wengi, na kwa hilo nashukuru kwa dhati. Lakini angalia mlichukua nani. Daktari wa serikali ameacha hospitali kwenda kuhesabu mahema, kwa sababu anayehesabu mahema analipwa mara kadhaa zaidi ya anayepasua wagonjwa. Shule yangu ilipoteza walimu wawili wa hesabu. Ofisini kwenu nako kuna ngazi mbili. Mkongomani mwenye shahada sawa na yako, anayelijua eneo, anayezungumza Kihunde, Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa, yuko kwenye ngazi ya ndani. Wewe uko kwenye ngazi ya kimataifa. Kwenye Umoja wa Mataifa kuna hata nyongeza rasmi ya gharama za maisha, na msingi wake ni New York. Yaani ughali wa Goma unamlipa mgeni na unamkamua mwenyeji, ughali ule ule.

Hapa nisimame kidogo. Hoja hii ya Mwalimu ndiyo huwakasirisha wengi, nami naiona ni ya haki. Séverine Autesserre, aliyefanya utafiti wake mwingi mashariki ya Kongo, aliandika mwaka 2014 katika kitabu chake Peaceland kwamba taratibu za maisha za watu wa mashirika, kuta zao, magari yao, kukaa wao kwa wao, huwatenga na watu waliokuja kuwasaidia. Mimi ningeongeza kwamba utengano huo una ankara, na ankara hiyo ndiyo inayoitwa gharama ya maisha ya mgeni. Ondoa ukuta, jenereta, gari la kwenda kununua mkate na bafu la saba, uone kinachobaki. Kinabaki chakula. Na kuhusu chakula, hao watatu waliosema hadi sasa hawana neno la kutuambia, kwa kuwa hakuna hata mmoja wao anayekilima.

MAMA WA SHASHA: Nimewasikiliza wote, baba zangu, na mmezungumza nyumba tu. Nyumba za Himbi mimi sizijui, nazipita tu. Mimi najua barabara. Kutoka Shasha hadi Goma, kupitia Sake, si mbali. Nikiwa na magunia mawili ya maharagwe na mkungu wa ndizi, barabara ikiwa wazi na bila mtu wa kunisimamisha, ningeuza Goma kwa bei ambayo Mwalimu angeiweza. Lakini kuna kamba imevutwa barabarani. Mbele kidogo, kamba nyingine. Kila kamba ina watu wake: leo wenye sare, kesho wasio na sare, wengine wanakupa jetoni ya kuonyesha umelipa, wengine hawakupi kitu. Wote wanasema ni usalama. Nikifika Goma sijauza hata bakuli moja, na tayari nimelipa.

MWALIMU: Mama hasemi uzushi. Shirika la utafiti la IPIS lilihesabu vizuizi vya barabarani katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini, likachapisha mwaka 2017. Walihesabu 798.

MAMA WA SHASHA: Hizo namba ni zenu, baba. Mimi nahesabu kilichobaki kwenye kitambaa changu. Na hiyo ilikuwa afadhali. Februari 2024 vita vilifika kwetu, waasi wa M23 wakaingia Shasha, barabara ikakatika. Rutshuru ilikuwa imekatika zamani, sasa na sisi. Goma ikabaki na ziwa na mpaka wa Rwanda. Tulikimbilia Minova. Yule aliyekuwa na mboga akawa anapakia mtumbwi au boti Minova kwenda Kituku, bandari ya Goma: watu, mbuzi, mihogo, makala, vyote pamoja. Bei ya maharagwe Goma ilipanda, mkasema wakulima wamekuwa wakali. Mkulima gani? Shamba langu lilikuwa na askari ndani. Anayepata faida si mimi.

MWENYE NYUMBA: Ajali ya Kituku naikumbuka.

MAMA WA SHASHA: Tarehe 3 Oktoba, mwaka ule ule. Boti ilitoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi, ikazama watu wa bandarini wakiitazama, karibu kabisa na kushuka. Wachuuzi walikuwamo. Walipanda boti kwa sababu ya barabara yetu. Kwa hiyo mkikaa kupiga hesabu ya ughali wa Goma, wekeni na hao.

Sina la kupunguza hapo. Nitaongeza tu kwamba mgeni wa Himbi hakuguswa sana na kukatika kwa barabara ya Shasha. Vyakula vyake vya dukani, maziwa ya pakiti, tambi, mafuta ya kupikia, maji ya chupa, vilikuwa vinaingia kutoka Rwanda, Uganda, Kenya na Dubai, na bei yake ilikuwa ya dola tangu mwanzo. Aliyeguswa ni mla fufu na sombe. Sahani mbili za mji mmoja zilikuwa zinategemea barabara mbili tofauti, na ni moja tu iliyolindwa.

MGENI: Mama, nitasema ukweli. Mimi ni mtu wa ugavi, kazi yangu ni kununua, na Shasha niliijua kama jina kwenye ramani ya usalama. Rangi yake ilikuwa nyekundu. Gari letu halikuruhusiwa kupita. Tulipotaka maharagwe kwa ajili ya kambi za waliohama, tulinunua kwa mfanyabiashara mkubwa wa mjini, naye sijui aliyapata wapi.

MAMA WA SHASHA: Huenda aliyapata kwangu, mwanangu. Nami niliyakimbia, nikaja kuyala kambini nikiyapangia foleni.

MWENYE NYUMBA: Sasa hebu na mimi niseme jambo ambalo watu hawalipendi. Tulilalamika kwamba wageni wanatupandishia maisha. Haya, wameondoka. Januari 2025 mji ulitekwa na M23, wageni wengi wakavuka mpaka wakaenda zao. Wiki hizo hizo Marekani, ambayo ilikuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada nchini, ikasimamisha fedha zake. Benki zikafunga. Uwanja wa ndege ukafunga. Nyumba yangu imekaa tupu. Zamu wangu, aliyelinda geti lile kwa miaka, anauza mahindi ya kuchoma. Mwalimu, umeona maisha yakishuka bei?

MWALIMU: Kodi ya nyumba imelegea kidogo, nisidanganye. Mwenye vyumba vyangu siku hizi ananisalimia kwa heshima. Lakini vingine havijashuka. Fedha zenyewe zimeadimika. Ukitaka kutoa pesa kwenye simu, wakala anakata kamisheni yake kwanza. Na dola ambazo zimezunguka mjini tangu benki zifunge zimechoka. Kambisti, mbadilisha fedha, anaichukua noti, anaivuta pembe mbili, anaiinua kwenye mwanga, anapitisha kidole ukingoni. Akikuta mchaniko wa ukubwa wa mbegu ya ulezi, anakurudishia. Noti ile ile, namba ile ile, lakini hainunui kitu, au inanunua kwa bei ya chini. Aliyeikusanya kwa mwezi mzima wa kazi ndiye anayebeba hasara.

MAMA WA SHASHA: Mimi dola silipwi. Nauza kwa faranga, bakuli kwa bakuli. Lakini mbegu, jembe, dawa ya mtoto, nauli, vyote vinatajwa kwa dola. Mwaka 2024 dola moja ilikuwa kama faranga elfu mbili na mia nane. Ikipanda, mwenye duka anabadilisha bei asubuhi ile ile. Mimi nikibadilisha bei ya bakuli, wateja wananiita mwizi.

Mzee wa Himbi ana hoja kuliko wengi wanavyotaka kukubali. Kuna watu Goma waliodhani kwamba mgeni akiondoka, bei zitamfuata. Hazikumfuata, kwa sababu mgeni alipandisha nyumba na mishahara ya watu wachache, wala hakuwa yeye anayepanga bei ya maharagwe, makala na mafuta. Hizo zinapangwa njiani. Mwezi Julai 2022 vijana walivamia vituo vya MONUSCO mjini, na hasira yao niliielewa: miaka zaidi ya ishirini ya jeshi la Umoja wa Mataifa, na bado mtu wa Masisi analala porini. Lakini hasira ile ilielekezwa kwenye geti. Kamba ya barabarani haikuguswa. Ndiyo sababu nasema kesi ya ughali wa Goma iamuliwe kuanzia Shasha kuja mjini. Wengi wanaianzia Himbi, na wakianzia huko hawafiki shambani.

MGENI: Mwandishi, unanifutia kosa upesi mno. Mwalimu ana haki kuhusu ngazi mbili. Hilo si la barabara, ni letu sisi. Mwenzangu Mkongomani alibaki hapa siku mji unatekwa, mimi nilihamishwa. Yeye alikuwa na watoto ndani ya mji, mimi sikuwa nao. Nyongeza ya hatari niliipata mimi.

MWALIMU: Umesema wewe mwenyewe. Mimi ningesema ungekasirika.

MGENI: Nimekasirika, lakini si kwako.

MWENYE NYUMBA: Basi mnataka nifanye nini na mabafu saba? Niyageuze shule?

MWALIMU: Mzee, shule yangu ina watoto wengi sana darasani tangu elimu ya msingi ifanywe bure mwaka 2019, na hakuna madarasa mapya. Ukinipa nyumba yako kwa bei ya familia nitakuja kesho na wenzangu watatu, tugawane.

MWENYE NYUMBA: Bei ya familia ni ngapi?

MWALIMU: Dola mia moja na hamsini kwa kila familia.

MWENYE NYUMBA: Maji yenyewe ya nyumba ile yanaletwa kwa gari. Mia mbili.

MWALIMU: Maji tutachota ziwani kama watu wote, bidoni za lita 20. Jenereta uiuze.

MWENYE NYUMBA: Tutaongea.

Nawaacha hao wapatane. Jambo ambalo limenishika mimi ni lile la ugavi, nikamrudia Mgeni: kwa nini maharagwe ya Shasha hayakununuliwa Shasha, hata kabla ya vita kufika pale?

MGENI: Kwa sababu ya karatasi. Ununuzi unadai ankara za bei kutoka kwa wauzaji watatu, namba ya mlipa kodi, akaunti ya benki, na uwezo wa kuleta tani nyingi kwa siku moja. Mfanyabiashara wa mjini anavyo. Mama hana.

MAMA WA SHASHA: Tulikuwa na ushirika wa wanawake. Tulikuwa na ghala la mabati pale Shasha, tulikusanya mavuno, tuliandika kwenye daftari nani kaleta kilo ngapi. Namba ya kodi hatuna. Lakini kodi tunailipa, tena kila kamba.

MGENI: Hilo ndilo linaloniuma. Kanuni inasema mradi utambue aliyelipa kodi. Mama amelipa kuliko mfanyabiashara, ila hana risiti.

MWALIMU: Kanuni aliandika mtu. Mtu anaweza kuiandika upya. Mnaweka fedha za kulinda nyumba, mnaweka fedha za ndege, mnaweka fedha za mapumziko kila baada ya wiki kadhaa. Wekeni fedha za mwandishi mmoja wa hesabu akae na ushirika wa Shasha, na nusu ya tani badala ya tani hamsini, na malipo mkononi.

MGENI: Manunuzi madogo yana utaratibu mwepesi. Ankara moja inatosha, na shahidi. Sijawahi kuutumia kwa chakula, tunautumia kwa kalamu na sabuni.

MAMA WA SHASHA: Kiasi gani ni kidogo kwenu?

MGENI: Dola mia kadhaa kwa mara moja.

MAMA WA SHASHA: Kwetu hayo ni magunia ya kaya nyingi. Barabara sasa inapitika, hata kama wa kamba ni wengine. Wenzangu wamerudi, mashamba yanalimwa vipande vipande, wengine wanaogopa mabomu yaliyobaki. Maharagwe ya msimu huu yatakuwepo. Usije na gari lenye bendera. Panda lile la abiria kama mimi, ulipe kila kamba kama mimi, uandike kwenye daftari lako umelipa wapi na kiasi gani. Halafu ofisi yako ikikuuliza maharagwe mbona ghali, waonyeshe daftari.

MGENI: Kupanda gari la abiria nimekatazwa, Mama.

MAMA WA SHASHA: Basi mtume mwenzako wa ngazi ya ndani. Ila yeye naye mumlipe ile ya hatari.